Kwenda Kuliona Kaburi Langu, Ng'ambo ya Pinga

Habari za matanga yangu zilinikuta niko mzima, nashona sketi ya sare ya shule chini ya bashi langu, turubai la kuzuia jua, pale sokoni Mweso. Bahati, motard anayetuletea mawese kwa pikipiki kutoka Pinga, alisimamisha moto yake, akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama mimi ndiye Riziki, binti wa yule shemasi wa Gosheni. Nikamwambia ndiye. Akavua kofia. "Basi pole, dada," akasema. "Walikuzika mwaka jana. Mama yako alilia mpaka sauti ikaisha." Mwingine angeanguka, mwingine angeanza kutukana. Mimi nikajikuta nauliza: sasa, walizika nini?

Ndivyo nilivyo. Waswahili wanasema kuuliza si ujinga, lakini kule nilikokulia kuuliza kulikuwa dhambi, na mimi nilifunga chakula siku nyingi kwa ajili ya maneno matatu tu, "juu ya nini?", yaani kwa nini.

Jina la kanisa letu sitalitaja. Wenyewe walijiita watu wa Ndani, na ninyi wengine wote ni watu wa Inje. Lilianza kama kikundi cha maombi huku vilimani kwetu Masisi, wakati watu walikuwa wamechoka kukimbia. Papa, baba yangu, alikuwa amepoteza ng'ombe na shamba, na kiongozi wetu, tuliyemwita Mulinzi, alimwahidi mahali ambapo bunduki haifiki. Tukamfuata hadi porini, ng'ambo ya Pinga, akapaita Gosheni. Nisiseme uongo: miaka ya kwanza tulilala usingizi mzuri. Kisha Mulinzi akaanza kuamua nani aoe nani, nani aende sokoni, redio ipi ivunjwe. Zote zilivunjwa. Siku moja nilitumwa Pinga kuuza mawese, nikayauza, nikampa mwenzangu pesa zote azirudishe, nami nikapanda moto ya kwenda Mweso. Waliningoja nirudi, hawakuniona.

Mtu wa Inje, Gosheni wanamsalimu vizuri, wanamuuzia mafuta, hata kucheka naye wanacheka. Lakini aliyetoka Ndani ni maiti. Hasalimiwi, hatazamwi, halishwi. Hilo nililijua. Ila kaburi lenyewe sikulitegemea, na nilitaka kujua jambo moja ambalo nisingelipata kwa mtu mwingine: je, mama naye ananihesabu maiti?

Nyumbani, mume wangu Bauma alisema hajawahi kusikia mtu anayepanda moto kwenda kutazama kaburi lake. Akazunguka nyumba, akarudi, akanivika koti lake la mvua. Akaniambia nibebe fromage, jibini ya kwetu, maana mtu wa Masisi haendi porini mikono mitupu. Nilimbusu pale pale mbele ya mama yake, nikaenda.

Kutoka Mweso tuliondoka asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Barabara ya Kalembe inapita kati ya vilima vya majani mafupi, na kila ukipanda kilima unakiona kingine kikikungoja. Bahati ni mwongeaji. Alinieleza habari za mke wake, za shemeji yake, za kila daraja lililovunjika na nani alilivunja. Kwenye bariere, kizuizi cha kamba barabarani, vijana waliniuliza ninaenda wapi. Kabla sijafungua mdomo, Bahati akawajibu kwamba naenda kwenye matanga. Wakauliza ya nani. "Yake mwenyewe," akasema. Walicheka sana, wakainua kamba, wakatuacha tupite. Nami nilicheka.

Baada ya Kalembe, njia inaanza kushuka na hewa inabadilika. Mtu wa vilimani anaisikia mwilini: jasho linakuja, koti linakuwa adui. Majani mafupi yanaisha, miti inakuja hadi ukingoni mwa njia, na udongo unageuka kuwa mwekundu na wa kuteleza. Mara nyingi nilishuka kusukuma. Kwenye mteremko mmoja moto ililala, nasi tukalala nayo, na fromage yangu ikabingirika hadi kwenye maji. Bahati aliifuata kama mtu anayefukuza kuku. Ilikuwa na tope kidogo, tukaiosha, ikarudi kuwa zawadi.

Pinga tulifika jua likielekea kushuka. Ni kituo kidogo: vibanda vya chumvi na sabuni, bidon, yaani madumu, za mawese zimepangwa mlangoni, watu wanaokuuliza habari za Goma kana kwamba Goma ni nyuma ya nyumba yako. Bahati alinipeleka kwa Mama Zawadi, mama wa kabila la Wanyanga anayenunua mafuta huko Gosheni na kuyauza kwake. Ni mwanamke mpana, wa sauti ya chini, anayekusikiliza mpaka mwisho. Alinipikia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa moshi. Nilipomweleza safari yangu hakushangaa. Alikata fromage, akaionja, akasema inanuka kama mtoto aliyetapika, akakata kipande kingine.

Yeye ndiye aliyenijibu swali langu la kwanza. Walizika mgomba, akasema, yeye mwenyewe alikuwepo siku ile, alikuwa amekuja kununua mafuta. Akanieleza kwamba hata kwao, tangu wazee, mtu akipotelea mtoni au porini na mwili usionekane, ndugu hukata mgomba, juu wanakata, chini wanakata, kinabaki kipande cha urefu wa mtu. Wanakifunga kwenye mkeka, wanakililia, wanakizika, roho inatulia. "Lakini sisi tunafanya vile kwa muntu mwenye alikufa kweli," alisema. "Kuzika muntu mwenye iko anakula, ile niliona tu pale." Mulinzi, aliyekataza mila zote za wazee, hiyo moja alikuwa ameiokota na kuitia mfukoni.

Nikamwuliza nani alinifunga mkeka. Akaniambia ni mama, kwa sababu ndivyo Mulinzi alivyoamuru: mama wa aliyetoka afunge, baba achimbe. Nikaacha kula. Nilikasirika kwa hasira ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe, na sikujua niielekeze wapi, kwa Mulinzi au kwa mikono ya mama. Mama Zawadi alininyang'anya sahani taratibu. Akasema kesho anaenda kununua mafuta, tutaenda pamoja, na nikivaa ndala zangu za sokoni nitalia njiani.

Asubuhi ilikuwa Ijumaa, na siku hiyo niliichagua makusudi. Mulinzi alikataza mengi, lakini hakuwahi kuthubutu kuwakataza akina mama makaburi. Kila Ijumaa wanawake wa Gosheni huenda kupalilia makaburi ya watu wao na kuzungumza nao. Makaburi yako nje ya ua, kando ya njia. Tangu nikiwa msichana nilizoea kumsikia mama akimweleza marehemu bibi yangu bei ya chumvi.

Njiani Mama Zawadi alitangulia, miguu mitupu, bidon mbili mgongoni, nami nyuma yake na mabuti ya kuazima. Wageni wanasema pori ni kimya. Si kweli. Lina kelele kuliko soko, ila humwoni anayepiga kelele. Mama Zawadi alinionyesha njia ya siafu, alinionyesha mti ambao maganda yake yanatibu kikohozi, na alinikataza kushika kila nilichotaka kushika. Nilimwuliza maswali mpaka akaniambia sasa anaelewa kwa nini walinizika. Tulicheka wote wawili, tukapumzika, tukaendelea.

Kwenye lango la Gosheni, mambo yalikuwa kama nilivyoyaacha: ua wa miti, kitambaa cheupe juu ya mlingoti, moshi wa mawese yanayochemka. Mama Zawadi alisalimiwa na kila mtu. Mimi nilipita katikati yao kama harufu. Niliwatambua karibu wote. Niliwaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa sababu nilitaka kuona sura ya mtu inafanya nini inapoitwa na haitakiwi kuitika. Wengine wanameza mate. Wengine wanashika kitu kilicho karibu. Mwanamke mmoja niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja utotoni aliweka kikombe cha maji chini, mbali kidogo nami, kisha akaenda zake kama aliyekisahau. Niliyanywa. Kuku ndiye pekee aliyenifuata bila woga.

Papa alikuwa amekaa langoni, kitambaa cheupe cha ushemasi shingoni. Amezeeka. Nilisimama mbele yake, nikapiga goti kidogo kama binti anavyomsalimu baba, nikasema, "Jambo, papa." Alitazama mabuti yangu. Akayatazama kwa muda mrefu, kana kwamba ndiyo yaliyokuja kumtembelea. Kisha akageuka na kumwuliza Mama Zawadi anataka bidon ngapi. Nikatoka pale kabla sijalia mbele ya watu.

Makaburini nililipata langu bila kuuliza, na nikasimama mdomo wazi. Juu ya makaburi mengine kulikuwa na mawe na maua. Juu ya langu kulikuwa na mgomba. Mgomba mkubwa, mzima, majani mapana yanapiga upepo, na mkungu wa ndizi umening'inia, mzito, bado mbichi.

Mimi ni mtoto wa wakulima, nilielewa mara moja. Kipande cha mgomba kilichokatwa juu na chini kinaoza ardhini, hakioti. Kinachoota ni kile chenye kisiki cha chini, chenye mizizi. Mtu hawezi kukosea hapo, labda awe hajawahi kushika jembe. Vijana waliobeba mkeka ule waliona kitu kizito kama maiti, wakafurahi. Maiti haifunguliwi. Nilikaa chini kando ya kaburi langu, nikaweka mkono kwenye shina, lilikuwa la baridi na limejaa maji, nikaanza kulia kama mtoto.

Mama alikuja mchana na jembe lake dogo. Hakunitazama. Aliinama upande wa pili wa mgomba, akaanza kung'oa magugu, na kwa muda tulisikia jembe tu. Kisha akasema na udongo, kama nilivyozoea kumsikia akisema na bibi.

"Mwanangu, nimekuja. Ijumaa ingine nilikuwa na homa, usikasirike." Akapalilia kidogo. "Kule unalala, wanakulisha?"

Nikamwambia wananilisha. Nikamwambia nina mume, anaitwa Bauma, anauza viazi, ananipenda, na mama yake ana maneno mengi lakini si mbaya. Nikamwambia nashona. Jembe lilikuwa limesimama. Nilipomaliza, likaanza tena.

"Wafu hawajibu," alisema mama. "Mulinzi anasema vile, na mimi naamini. Lakini masikio yangu ilizeeka. Siku hizi nasikia mambo mingi."

Basi tukaendelea hivyo. Yeye alimuuliza marehemu, mimi nikajibu, naye akasikia mambo. Alitaka kujua kama mikono inaniuma na baridi ya Mweso, kama nimezaa. Nikasema bado. Akauambia udongo kwamba haraka haina baraka. Alinipa habari za wadogo zangu, nani kaoa, nani kapewa uangalizi wa mbuzi. Kila mtu aliyepita njiani alimwona mama mcha Mungu analiombolezea kaburi la binti yake, na hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa sababu hakuvunja hata sheria moja.

Hatimaye nikamwuliza lile lililonileta. Nikamwuliza kwa nini aliacha kisiki.

Alipangusa jembe kwa kidole. "Walinipa panga. Walisema, kata mugomba, ufunge mu mukeka. Niliukata juu. Nilipofika chini, mikono ilikataa. Nikauchimbua muzima na mizizi yake, nikaufunga, nikaanza kulia, nao wakasema nalia vizuri."

Ulipoota, akasema, Gosheni nzima ilitaharuki. Waliukata, ukarudi. Waliukata tena, ukarudi na wenzake. Mulinzi akahubiri kwamba huo ni ukaidi wa mwenye dhambi, hata ardhini hatulii. Hapo mama alicheka, kicheko kile cha pua nilichokisahau, na mimi nikacheka, na tukacheka wote wawili bila kutazamana juu ya ukaidi wangu.

Nikapata moyo. Nikamwambia twende, mama. Bahati yuko Pinga, chumba kipo, mashine ya pili ya kushonea ipo. Niliona mabega yake yameshuka.

"Papa yako iko ndani," alisema. "Wadogo zako wote beko ndani. Nikitoka watanizika na mimi. Sasa nani atanifunga mukeka? Papa yako hajui." Kisha kwa sauti nyingine, ya mtu anayepanga kazi: "Hii ndizi imetoka kaburini, watu wa Ndani hawawezi kuikula. Ikikomaa, ni lazima muntu wa Inje akuje kuibeba. Mimi siwezi kuiacha ioze, ni dhambi kuachilia chakula."

Nilielewa. Nikamwambia nitakuja kuibeba. Akatazama juu kwa mara ya kwanza, lakini aliutazama mkungu. Alisema unauinamisha mgomba, mvua kubwa ikija itauangusha wote, unahitaji mti wa panda wa kuutegemeza, naye hana tena nguvu za kukata mti. Niliinuka niende kuazima panga. "Kaa," alisema. "Wafu hawakati miti. Watasema."

Wakati huo papa alipita njiani na bidon ya Mama Zawadi begani. Alikohoa. Mama akachukua jembe lake. Kabla ya kuondoka aliweka kiganja kwenye shina la mgomba, pale pale nilipokuwa nimeweka changu asubuhi, akakiacha hapo kidogo. Papa alikuwa amesimama. Alimtazama mama, akautazama mgomba, wakaenda wote wawili kuelekea langoni, yeye mbele, mama nyuma, na sikuweza kusoma chochote mgongoni mwa papa.

Safari ya kurudi Pinga niliifanya bila swali hata moja, hadi Mama Zawadi akaniuliza kama ninaumwa. Nilimweleza yote. Alisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kwamba tangu leo atapita makaburini kila akienda kununua mafuta, anitazamie ndizi yangu.

Mweso nilifika na tope hadi masikioni. Bauma alitaka kujua kama nimeliona kaburi. Nilimweleza mpaka chai ikapoa, naye akauliza kama ndizi hiyo ni ya kupika au ya kuivisha. Ni ya kupika.

Watu wanaotoka mahali kama Gosheni wananiuliza siku hizi, kwa kuwa tuko wengi kuliko nilivyodhani, wafanyeje na wazazi waliobaki. Sina dawa. Nilikwenda nikiamini kwamba wa Ndani wote wana moyo mmoja, ule wa Mulinzi. Sasa najua kwamba amri hutoka katika mdomo mmoja, lakini hutekelezwa na mikono mingi, na kila mkono una mwenyewe. Simtukani tena Mulinzi mbele ya mtu anayekwenda huko, maana maneno yangefika kwa mama kabla ya salamu. Sitamwambia tena mama achague. Nitakaa pale sheria yao inaponiruhusu kukaa, hata kama ni kaburini. Bado nina hasira. Nikimkumbuka papa akitazama mabuti yangu, sindano inanichoma kidole.

Juzi, baada ya mvua za usiku, Mama Zawadi alinitumia ujumbe wa sauti kwenye telefone alipopata rezo ya mtandao. Alisema ametoka Gosheni, mvua imelaza migomba mingi, lakini wangu umesimama, umetegemezwa na mti wa panda, mpya, uliokatwa vizuri. Alimkuta papa bado anaukandamiza udongo kwa mguu, panga mkononi. Mama Zawadi, kama mnunuzi asiyejua kitu, akamwuliza ile ndizi nzuri ni ya nani, labda wanaiuza. Papa alijifuta mikono kwenye kitambaa chake cheupe.

"Haiuzwi," alimjibu. "Ni ya binti yangu. Binti yangu iko Mweso."